Mwenda Jean Bosco: kodi tatu zilizovuka mipaka

Jioni ukipita karibu na kanisa, kituo cha vijana au kibanda cha kuchaji simu, mara nyingi utasikia gitaa. Huenda lina nyuzi tano badala ya sita, na mpigaji ni kijana anayerudia sauti zilezile tatu bila kuchoka. Ukimuuliza kama anatunga nyimbo zake mwenyewe, wengi watakujibu kwamba bado. Hawajasoma muziki, gitaa si lao, na kodi wanazozijua ni tatu tu. Basi wanaimba nyimbo za wengine na kungoja siku watakayojua zaidi.

Leo tunakuletea maisha ya mtu ambaye hakungoja. Alizaliwa Katanga, akaimba kwa Kiswahili, na alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu gitaa lake lilisikika kutoka Afrika ya Kusini hadi Nairobi. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco. Wazee wetu waliotoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanamfahamu. Watoto wao waliozaliwa huku ugenini wengi hawamfahamu, na hao ndio hasa tunaowaandikia.

Neno moja kwanza. Tukisema kodi hapa, hatusemi kodi ya nyumba wala ya serikali. Ni sauti tatu au zaidi za gitaa zinazopigwa pamoja. Uliyesoma Kongo, Burundi au Rwanda unazijua kwa jina la Kifaransa, accord. Kodi zikifuatana kwa mpangilio fulani na kurudi zilipoanzia, hapa tutauita mpangilio huo mzunguko.

Mtoto wa watu waliohama

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Bunkeya si kijiji cha kawaida. Ilikuwa makao makuu ya mfalme Msiri wa Wayeke, na Wayeke wenyewe walikuwa wageni pale. Asili yao ni upande wa Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo. Katika karne ya 19 walisafiri hadi Katanga wakifuata shaba na pembe za ndovu. Wakakaa, wakaoa, wakajenga dola, mpaka Msiri alipouawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina Mwenda ni zito kwa Wayeke: Msiri mwenyewe aliitwa hivyo, na watawala waliomfuata pia.

Basi wewe uliyeko kambini Kigoma ukifikiri kwamba ulivuka kutoka Kongo kwenda Tanzania kama mtu wa kwanza, kumbuka kwamba njia hiyo ina miguu ya watu wengi, wa kwenda na wa kurudi.

Kijana Mwenda alikulia katika eneo la migodi, hasa mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa ikichimba shaba na kukusanya wafanyakazi kutoka kila upande: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Rwanda na Burundi. Mtu wa Kasai na mtu wa Burundi wangesemaje wakikutana katika kambi ya wachimbaji? Walisema Kiswahili. Hicho ndicho Kiswahili alichoimbia Mwenda, pamoja na lugha nyingine za nyumbani. Hakikuwa cha shuleni wala cha Pwani. Kilikuwa cha watu waliokutana ugenini na kulazimika kuelewana.

Gitaa nalo lilikuwa mgeni. Lilifika na mabaharia, wafanyakazi na wafanyabiashara, likapanda reli hadi migodini. Pamoja nalo zilifika santuri. Tangu mwaka 1933 kulikuwa na santuri zilizojulikana kwa herufi GV, zenye muziki wa Cuba, na zilipendwa sana Kongo. Watu walisikia mle kitu walichokitambua, kwa sababu muziki wa Cuba una damu ya Waafrika waliochukuliwa utumwani, wengine kutoka Kongo hiyohiyo. Nyingi za nyimbo hizo zilizunguka katika kodi tatu.

Siku alipokutwa barabarani

Mwaka 1952 mtafiti mmoja aitwaye Hugh Tracey alifika Jadotville akiwa na mashine ya kurekodi. Tracey alizunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, na miaka miwili baadaye alianzisha maktaba kubwa ya muziki wa Afrika huko Afrika ya Kusini. Pale Jadotville alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani. Alikuwa Mwenda. Gitaa moja, sauti moja, hakuna bendi wala ngoma wala umeme.

Tracey akamrekodi. Wimbo mmoja kati ya hiyo unaitwa Masanga, na mwaka uleule ulipata tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa rekodi bora ya muziki wa Afrika ya mwaka. Santuri zake zikauzwa chini ya lebo ya Gallotone na kusambaa Afrika ya Kusini, ya Kati na ya Mashariki. Baadaye mtafiti mmoja huko Uingereza, David Rycroft, alikaa na rekodi hizo na kuandika nota zake moja moja, akachapisha utafiti wake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitaka kujua kijana yule anafanya nini na vidole vyake.

Kwa hiyo, vidole vile vilikuwa vinafanya nini? Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye faida kwako.

Kodi tatu, na kwa nini zinatosha

Imba ngazi ya sauti uliyofundishwa kwaya: Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si. Sauti saba. Sasa jenga kodi juu ya sauti ya kwanza, ya nne na ya tano, kwa kuruka sauti moja kila mara.

Juu ya Do unapata Do, Mi, Sol.
Juu ya Fa unapata Fa, La, Do.
Juu ya Sol unapata Sol, Si, Re.

Hesabu. Kodi hizo tatu zimebeba sauti zote saba za ngazi, hakuna hata moja iliyobaki nje. Ndiyo maana karibu kila wimbo rahisi unaoweza kuuimba una mahali pa kukaa ndani ya kodi hizo. Do ni nyumbani. Fa ni kutoka kwenda kwa jirani. Sol ni kusimama mlangoni, na ukisikia Sol sikio lako linadai urudi ndani. Wimbo ni safari ya kutoka, kukaribia na kurudi.

Mwenda alifanya kazi kubwa ndani ya kodi za namna hii, zile za mwanzo kabisa ambazo kila anayejifunza gitaa hupewa. Tofauti ilikuwa kwenye mkono wa kulia. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba lilipiga nyuzi nene, likaweka mwendo wa besi. Shahada ilipiga nyuzi nyembamba, ikaimba sauti ya juu. Ukisikiliza bila kuona, utadhani watu wawili wamekaa mbele yako. Halafu mzunguko ukirudi mara ya pili, hakuupiga kama mara ya kwanza. Alibadilisha kidogo: sauti moja ikachelewa, nyingine ikaongezwa, besi ikatembea badala ya kusimama. Kodi zilebaki zilezile, lakini msikilizaji hakuchoka, kwa sababu kila mzunguko ulikuwa na habari mpya.

Ndugu yangu, hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukiona wimbo wetu haupendezi, tunafikiri dawa ni kuongeza kodi ya nne, ya tano, ya sita. Mwenda alitafuta dawa ndani ya zile alizokuwa nazo.

Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, Mwenda alikaa na kufanya kazi Nairobi. Ndugu yake, Edouard Masengo, naye mpiga gitaa hodari wa Katanga, alifika pia. Redio ilikuwa imeanza kuingia katika nyumba na maduka ya watu wa kawaida, na Mwenda akawa akisikika humo. Vijana wa Kenya walikaa karibu na redio wakijaribu kukamata vidole wasivyoviona.

Walifaulu kwa njia yao. Magharibi mwa Kenya walikuwako wapigaji waliojenga mtindo wao wa gitaa kavu la vidole viwili, na maarufu kuliko wote ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Muziki wao si nakala ya Katanga. Una mwendo wa kwao, lugha ya kwao na hadithi za kwao. Lakini ukisikiliza gumba likitembea chini na shahada ikiimba juu, utasikia kwamba kuna mgeni aliyepita na kuacha kitu.

Tazama jinsi jambo hili lilivyokwenda. Mwenda hakuwa na ardhi Kenya. Hakuwa na ukoo pale. Alikuwa mtu wa nje mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya Kongo, ambacho bila shaka wengine walikicheka, kama wengine wanavyokicheka cha kwako sokoni. Hata hivyo alichokuwa nacho mkononi wenyeji walikitaka, wakakipokea, wakakifanya chao. Hakuna aliyepungukiwa. Mzunguko wa kodi hauna mwenyewe: Do, Fa na Sol ni kama kisima cha kijiji, kila mtu anachota kwa ndoo yake. Chenye mwenyewe ni maneno uliyoyatunga na sauti uliyoyaimbia.

Kazi ya mshahara na gitaa

Usifikiri kwamba Mwenda aliishi kwa muziki peke yake. Watu wengi wenye jina kubwa hawaishi hivyo, hata leo. Katika maisha yake alifanya kazi benki, akafanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines huko Lubumbashi, na baadaye alikuwa na hoteli Sakania, karibu na mpaka wa Zambia. Aliongoza pia bendi ya magitaa ya umeme iliyoitwa Super Shaba Six. Muziki ulikaa pembeni ya kazi, na kazi ililinda muziki.

Nchi yake nayo haikutulia. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga. Vita na mgawanyiko vikaendelea mpaka Januari 1963. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa maana ya miaka kama hiyo. Baadaye rais Mobutu alileta siasa ya uhalisia, na mwaka 1972 watu wakatakiwa kuacha majina ya Kizungu. Kongo ikaitwa Zaire, Katanga ikaitwa Shaba, na Jean Bosco akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Mji alikokulia ulibadilishwa jina, mkoa ukabadilishwa, nchi ikabadilishwa, naye mwenyewe akabadilishwa. Gitaa lilibaki na nyuzi sita na kodi zilezile.

Ulimwengu haukumsahau. Mwaka 1969 alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport, mbele ya watu wengi ambao hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Katika miaka ya 1980 alipiga Ulaya. Vijana wa nchi za mbali walifunga safari hadi Lubumbashi kukaa miguuni pake na kujifunza. Mmoja wao, Mwingereza John Low, aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena huko Cape Town, mtu mzima sasa, miaka thelathini na sita baada ya siku ile ya Jadotville.

Mwezi Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na miaka sitini hivi. Amekufa nje ya nchi yake, upande wa pili wa mpaka ambao watu wa Katanga wamekuwa wakiuvuka siku zote.

Wewe na wimbo wako

Sasa turudi kwako, na kwa gitaa lenye nyuzi tano. Ukitaka kuanza leo jioni, fanya hivi.

Kwanza, chagua mzunguko mmoja na ukae nao. Huu ni mzuri: Do, Fa, Do, Sol, kila kodi ukihesabu nne, kisha urudi mwanzo. Mwingine ni Do, Fa, Sol, Fa. Ukiweza kuongeza kodi moja ya majonzi, yaani La maina, yenye sauti La, Do na Mi, jaribu Do, La maina, Fa, Sol. Nyimbo nyingi za mapenzi na za kanisa duniani zimepita njia hiyo. Kama Fa inaumiza vidole, na kwa anayeanza lazima iumize, bonyeza nyuzi nne nyembamba tu na uache zile nene.

Pili, piga mzunguko huo huku ukisema, si kuimba. Sema habari ya kweli: jinsi ulivyopanga foleni ya mgao, jina la mto wa kwenu, mtu ambaye hukumuaga. Sema mpaka maneno yaanze kuangukia kwenye mapigo yenyewe. Sauti ya kuimba itatoka humo. Kiswahili kina msaada wake hapa, kwa kuwa tunatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi yanakubali mapigo bila kulazimishwa.

Tatu, weka neno zito mahali panapofaa. Ukiwa kwenye Sol, msikilizaji anangoja. Usimpe jibu hapo. Mwachie swali kwenye Sol na jibu ulilete ukirudi Do. Na kama habari yako haina jibu, kwa mfano unauliza lini utarudi nyumbani, unaruhusiwa kumaliza wimbo kwenye Sol na kunyamaza. Kila mtu atakayesikia ataelewa kwamba mlango bado haujafunguliwa.

Nne, mzunguko wa pili usiwe kama wa kwanza. Badilisha kitu kimoja tu: besi, au mahali pa kupumzika, au kuacha gitaa linyamaze kwa hesabu moja. Usibadilishe kila kitu kwa pamoja, la sivyo wimbo utapotea.

Tano, urekodi. Simu ndogo inatosha. Taja jina lako, tarehe na mahali mwanzoni mwa rekodi, kisha mpe mtu mwingine nakala. Fikiria wapigaji wangapi walikuwa Katanga mwaka 1952, katika kila mtaa wa migodi, ambao hawakupita barabara ile wakati mashine ilipokuwa inapita. Walikuwa hodari, na hatuna hata sauti yao moja. Mwenda tunamsikia leo kwa sababu mtu alimrekodi na mtu mwingine akatunza. Siku hizi mashine iko mfukoni mwako, huna haja ya kumngoja mgeni.

Na wewe mzee uliyemsikia Mwenda kwenye redio ukiwa mtoto, au uliyecheza muziki wake Lubumbashi, Kitwe au Nairobi, tunakuomba jambo moja. Vijana wa bloku yenu hawajui kwamba Kiswahili chao cha Kongo, ambacho wengine hukicheka, kiliwahi kuimbwa mbele ya umati Marekani. Waite siku moja wakati wa jioni. Waambie. Kama kuna gitaa karibu, hata lenye nyuzi tano, mwombe mmoja apige Do, Fa na Sol polepole, nawe uwaonyeshe pale gumba lilipokuwa likitembea.